Kiatu Kwenye Kitako cha Bunduki

Shamsia Mhina hakuwa mtu wa kupendwa, na yeye mwenyewe hakuwa na habari na kupendwa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na ulimi wake uliwasha kuliko upupu. Ukimwamkia vizuri alikuitikia vizuri. Ukimletea mzaha alikurudishia pamoja na nyongeza. Pale Misima, wilayani Handeni, alikokuwa askari wa wanyamapori, wanawake wenzake walimwita "dume jike" wakidhani hasikii. Alikuwa anasikia sana. Alinyamaza kwa sababu jina lenyewe, kwa siri, alilipenda.

Kwao ni Mashewa, upande wa Korogwe. Baba yake, mzee Mhina, alilima mahindi na nguruwe pori wakayavuna. Utoto wa Shamsia uliishia juu ya dungu, akigonga debe bovu na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Mwaka mmoja tembo walipita wakafagia shamba zima, hata mabua hayakubaki. Askari wa wanyamapori alifika baadaye, bunduki begani, akachinjiwa kuku, akala, akaandika andika, akaenda zake. Binti akamwambia baba yake, "Mimi nitakuwa askari, na nitafika kabla ya tembo, si baada ya kuku." Mzee Mhina alicheka mpaka akashika mbavu. Hakujua kwamba mtoto haongei utani.

Akawa askari kweli. Aliolewa, akaachika, mume alidai hawezi kulala na mtu anayenuka mafuta ya bunduki. Shamsia alimwambia basi atafute anayenuka mawardi, na mlango akamfungulia yeye mwenyewe. Hakuzaa. Alikuwa na chumba kimoja kituoni, jiko la mkaa na redio, na alikuwa na ile bunduki.

Ile bunduki ina habari yake. Ilikuwa bunduki kubwa ya kituo, ya mbogo na tembo, inayokula risasi nene kama kidole gumba cha mtu mzima. Askari waliibatiza Baba Mkwe, kwa sababu ukiwa mbele yake unajikaza na hutoi neno. Ilivyokuwa inarudisha teke, wanaume wazima walikuwa wakitafuta visingizio siku ya kulenga shabaha: huyu ana homa, yule ana jino. Kwa miaka mingi ilibebwa na Fransisko, mzee wa Dindira kule milimani, mtu mrefu mwenye mikono ya kufikia dari. Kitako chake kilikuwa kimepimwa kwa mkono wa Fransisko huyo. Siku anastaafu alimkabidhi Shamsia mbele ya kituo kizima.

"Mwanangu," alisema, "hii imezoea mwili wangu. Kabla hujaingia nayo porini, ikate kitako. Mkono wako haufiki."

Wanaume wawili watatu nyuma wakachekea puani. Hicho kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu. Shamsia alijibu papo hapo, "Shikamoo babu, na asante. Lakini hapa hakuna kitakachokatwa."

Jeuri ile! Bunduki nzito si mzigo wa kunyanyua tu. Lazima ipande begani yenyewe huku macho yako yako kwa mnyama, na ikifika begani jicho likute kilengeo kimeshakaa sawa. Kitako kikiwa kirefu, kinakwama kwapani. Unanyosha shingo kama kuku anayetafuta maji, na risasi inakwenda inakotaka. Siku za kulenga shabaha Shamsia alikuwa na nafasi ya kuivuta, kuisukuma na kuikalisha vizuri, kwa hiyo alipiga katikati, na wale wa kucheka wakanyamaza. Akajiona ameshinda. Alisahau kwamba ubao wa shabaha haumkimbilii mtu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye alitembea na nguo ya Fransisko akijiona amevaa.

Masika ya mwaka jana mbogo mmoja dume alihama porini akaweka makao kwenye mahindi ya Misima. Shamsia akatumwa. Mfuata nyayo aliyepatikana ni Salaash, mzee wa Kimasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya lambo, lile bwawa la kuchimbwa ambalo wakulima na wafugaji wanachota pamoja na kugombana pamoja. Mwezi huohuo ng'ombe wa boma lile walikuwa wameingia kwenye mahindi, na wakulima walikuwa wamemkata ng'ombe mmoja mkia. Kwa hiyo watu hawakuwa wakisalimiana. Salaash alikuja kufuata nyayo kwa heshima ya Shamsia, kwa kuwa ndiye mtu pekee wa serikali aliyewahi kunywa maziwa nyumbani kwake bila kukunja uso.

Walimkuta mbogo ukingoni mwa kichaka, jua linaelekea kushuka. Alisimama akawatazama. Shamsia akainua Baba Mkwe, na kitako kikanasa kwenye koti, chini ya kwapa. Akapiga hivyohivyo. Risasi ikaingia nyongani, mbogo akayumba, akazama kichakani na mguu mmoja wa nyuma unaburuta.

Waliufuata ule mburuzo mpaka giza likawazuia. Wakalala hukohuko, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Alfajiri wakaendelea. Nyayo walizokuwa wakizifuata zikapinda, zikashuka bondeni, na zikawapeleka moja kwa moja lamboni. Naisula, mke wa Salaash, alikuwa amekwenda kuchota maji. Hakujua lolote, maana wa kumwambia alikuwa porini na Shamsia. Walimkuta amelala kando ya ndoo, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mbogo alikuwa ameshaondoka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shamsia alificha yake, kifo kikaja kumuumbua, ila mfu akawa mke wa mtu mwingine.

Na hilo halikutosha. Alikwenda msibani peke yake, ushungi kichwani, akaketi na wanawake wa boma, akafungua mdomo kuwapa pole kama mama yake alivyomfundisha kule Mashewa, ambako marehemu anatajwa jina ili dua imfikie. "Mungu amrehemu Naisula," akasema. "Naisula alikuwa mtu mwema. Naisula hakuwa na ubaya na mtu."  Bibi mmoja akajifunika uso kwa shuka. Wamasai hawalitaji jina la aliyekufa. Likizikwa limezikwa, na kulitaja ni kumburuza mtu kutoka alikolala. Shamsia alikuwa ameishi nao miaka na hilo alikuwa akilijua. Ila kwenye uchungu ulimi hurudi kwao. Salaash aliinuka, akatoka nje, na kuanzia siku ile hakumwitikia tena salamu.

Asiyeishi huku anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mtu mzima kumwambia mzee "shikamoo" hadharani, sokoni, mbele ya watu, na mzee akapita kana kwamba mbuzi ndiye amelia! Shamsia aliamkia kila walipokutana, kwa ukaidi, na kila mara Salaash alipita. Misima nako watu walikuwa na lao. Walisema mwanamke ameogopa. Walisema mbogo ametambua kanga. Shamsia aliwatukana mmoja mmoja kwa jina na ukoo, lakini hakuna aliyemwambia kweli, na yeye hakuisema.

Kiangazi mbogo akarudi. Kidonda kilikuwa kimefunga kwa nje, mguu bado unaburuta, na roho yake ilikuwa imeharibika. Alimtoboa ndama wa Salaash. Akawafukuza wanawake wa Misima lamboni, wakarudi na miguu mitupu na ndoo zimepondwa. Afisa wa Shamsia, Godfrey, akampigia simu kutoka mjini.

"Shamsia, huyo ni wako. Mmalize. Ukikosa tena naleta mtu mwingine, na wewe unarudi Mashewa ukagonge debe."

"Nimekusikia, bosi."

"Na usife. Sina gari la kuleta maiti."

Hivyo ndivyo alivyoongea Godfrey hata siku zake nzuri. Shamsia alizima simu, akaichukua bunduki, akavuka lambo kwenda kwa Salaash, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mbogo yule analala wapi. Alijua pia habari nyingine ambayo Misima hawakupenda kuitaja: kila asubuhi mzee yule alikuwa akikaa lamboni na mkuki wake mpaka mwanamke wa mwisho achote maji, wa boma na wa Misima pia, hata wake za wale waliokata mkia wa ng'ombe wake.

Alimkuta kwenye lango la zizi, ameegemea fimbo.

"Shikamoo mzee."

 Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Mzee Salaash, nimekuja kwa ajili ya mbogo. Unajua alipo."

"Najua alipo," akasema Salaash. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia sauti tangu msibani. "Ningetaka, ningemchoma mkuki mwezi uliopita. Nimemkaribia mpaka nikanusa pumzi yake."

"Mbona hukumchoma?"

"Si wangu. Ni wako. Ulimwanza wewe."

Shamsia akahisi damu inampanda kichwani. "Sikuja kutukanwa."

"Hujatukanwa bado. Inua bunduki yako. Nione."

Angeweza kugeuka aondoke. Miguu ilitaka kugeuka. Lakini aliinua, haraka, kama vile mbogo yuko pale zizini. Salaash akanyosha fimbo, akaugusa mtutu kidogo tu, na kitako kikateleza chini ya kwapa palepale kilipokuwa siku ile.

"Hivyohivyo," akasema mzee. "Nilikuwa nyuma yako. Niliona. Watu wako wanasema uliogopa. Mtu akiogopa mimi namsamehe, woga anautoa Mungu. Wewe hukuogopa. Uliona aibu kusema bunduki ni kubwa kwako. Ukaificha aibu yako, na aibu yako ikaja kula nyumbani kwangu."

Hakuna aliyewahi kumwambia Shamsia maneno hayo, na hakuna aliyewahi kumchukia kwa sababu iliyo sahihi namna ile. Alitamani kumpiga. Alitamani pia kuketi chini alie, na kati ya mawili hayo hakujua lipi lingekuja kwanza. Alichukua simu akampigia Godfrey.

"Bosi, nataka kukata kitako cha Baba Mkwe."

"Hiyo ni mali ya serikali. Haikatwi."

"Nitaikata."

 "Mimi hukunipigia," akasema Godfrey, "na mimi sikusikia." Akakata simu.

Shamsia akarudi Misima, akaazima msumeno, tupa na bisibisi kwa seremala, naye seremala akataka kujua za nini, akaambiwa za kumkatia ulimi. Alasiri alikuwa tena kwenye boma la Salaash, amepiga magoti juu ya ngozi kavu ya ng'ombe, kazi mbele yake. Hakuna aliyemwita afanyie kazi pale. Alikwenda pale kwa sababu aliona hawezi kuifanya mahali pengine, na Salaash hakumfukuza.

Kwanza alitoa risasi zote. Akaweka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa, akaona kidole kinavyoshindwa kuifikia triga, akapiga alama kwa mkaa. Akafungua bati la chuma la kitakoni. Kisha akaweka msumeno kwenye ule mti mzuri wa Fransisko uliong'arishwa na mashavu ya miaka, na akakata. Vumbi jekundu la mti likamwagika kwenye magoti yake. Kipande kilipoanguka alikitazama: kifupi kuliko mkate. Hicho tu. Kicheko cha wale wanaume kilikuwa kinakaa kwenye kipande kile.

Akalainisha kwa tupa. Akavua mkanda wa kubebea, maana kwenye miiba mkanda ni kamba ya kukunyongea. Akatia tone la rangi nyeupe ya kucha kwenye kilengeo cha mbele, ili kionekane ndani ya kivuli. Rangi yenyewe aliinunua gengeni, na muuzaji alimtazama kana kwamba kaomba sumu. Akakausha mafuta ndani ya mtutu, kwa kuwa risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta hupotea njia. Akapitisha kila risasi ndani na kuitoa, akisikiliza komeo la bunduki linavyoteleza, na iliyosita akaiweka kando. Salaash alitazama yote kwa macho ya mtu anayetazama jirani akichimba kaburi.

Likabaki tatizo moja. Lile bati la chuma halikukaa tena kwenye kitako kilichokatwa, na mti mtupu ungempasua bega. Shamsia alikuwa akiangaza angaza, akifikiria kipande cha gunia, Salaash alipoingia ndani ya nyumba. Alitoka na kiatu. Kilikuwa katambuga, kiatu cha tairi la gari, cha mguu mdogo, ukanda wake umeshonwa shanga nyeupe na za bluu. Akakitupa mavumbini mbele ya magoti ya Shamsia.

"Weka hiki."

Shamsia alikijua. Wachunga mbuzi walikiokota matopeni baada ya maziko, wakakileta, na mzee alikificha, ingawa kwa desturi yao hakupaswa kubaki nacho.

"Mzee, hiki ni cha Na..." akaanza, na safari hii akaukamata ulimi katikati.

"Weka," akasema Salaash. "Kila ikikupiga, ujue ni nani anakupiga."

 Shamsia aliukata ukanda wenye shanga, akaukunja, akamrudishia mzee kwa mikono miwili. Akaulinganisha mpira wa tairi na kitako, akauchonga kwa kisu, meno ya tairi yakiangalia nje, akaufunga kwa skrubu ndefu mpaka vichwa vikazama.

Wakaenda kwenye kichuguu nje ya boma. Salaash akachota samadi mbichi kwa mkono, akaibandika juu ya kichuguu kuwa shabaha. Shamsia akasimama karibu, umbali wa kutoka mlango wa nyumba hadi lango la zizi, wima, bila pa kuegemea, maana mbogo hampi mtu meza. Akainua. Kitako kikapanda begani bila kunasa popote, na lile doa jeupe likawa limeshakaa mbele ya jicho lake kabla hajalitafuta. Akapiga. Ng'ombe wa boma zima wakaruka. Teke lilimsukuma hatua nyuma na maumivu yakamshika mpaka shingoni, na risasi ilichimba udongo kushoto mwa samadi. Akagonga kilengeo cha nyuma kwa kijiti na jiwe, kidogo, kuelekea kulia. Akapiga tena. Samadi ikatoweka.

"Tena," akasema Salaash.

"Imeshakaa sawa. Risasi si za kuchezea."

"Tena."

Akapiga tena, huku ameuma meno. Alijua mzee hakuwa akiijaribu bunduki.

Asubuhi waliingia kichakani, umande bado uko kwenye majani. Salaash alitangulia na mkuki. Shamsia akamshika bega, akanong'ona kwamba si sawa, mwenye bunduki ndiye wa mbele.

"Mbele ni mimi," mzee akajibu bila kugeuka. "Nikimwona nitalala chini. Wewe piga juu yangu. Ukikosa, kifo cha kwanza ulikikuta kimekwisha. Hiki utakiona tangu mwanzo."

 Shamsia alimchukia mtu yule wakati ule, alimchukia sana, na hapohapo akajua kwamba hakuna mwingine duniani ambaye angekubali kulala chini mbele ya mtutu wake.

Walikwenda polepole. Salaash alikuwa akichota vumbi na kuliachia lianguke, aone upepo unakwenda wapi. Mburuzo wa ule mguu ulikuwa wazi kwenye mchanga. Ukaingia kwenye migunga iliyoshikana, ukazunguka, na Shamsia akaelewa: mbogo alikuwa amezunguka nyuma ya njia yake mwenyewe, anawasubiri ubavuni. Kabla hajasema, Salaash alilala chini kifudifudi.

Kichaka kilipasuka upande wa kulia. Mbogo alikuja amenyanyua pua, mguu unaburuta na bado ana mbio, pembe zimejaa majani. Baba Mkwe akapanda mwenyewe. Hapakuwa na koti, hapakuwa na kwapa, palikuwa na doa jeupe na kifua cheusi. Kiatu kikampiga Shamsia. Mbogo akapiga magoti, akainuka, akaja tena. Komeo likateleza, kiatu kikampiga mara ya pili, na mnyama akaanguka kwa shingo, pua yake ikilima mchanga mpaka ikafika kwenye unyayo wa Salaash. Mzee akavuta mguu wake.

Halafu kilisikika kile kilio kirefu cha mbogo anayekufa, kisha ndege tu.

Salaash aliinuka akajifuta mchanga. Hakusema ahsante na hakumtazama Shamsia. Alizunguka mpaka kwenye nyonga ya mnyama, akapapasa manyoya kwa kidole, akalipata kovu, akakizamisha kidole humo.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo pa siku ile."

Shamsia akaitikia kwa kichwa. 

Milio miwili haifichiki. Haukupita muda Misima nzima ikawa imefika na visu na masufuria, na wa kwanza kufika ni walewale wa "mbogo ametambua kanga". Sasa walikuwa wakiimba "Shamsia jembe! Shamsia chuma!" Mmoja akataka kumbeba juu. Shamsia akamwambia akambebe mama yake, na akatoka kwenye kelele, akaenda kuketi kando ya lambo. Wanawake walikuwa wameshaanza kushuka na ndoo, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, bado hawasalimiani.

Bega lilikuwa linawaka. Alifungua kifungo cha shati, akavuta kola, akatazama. Nyama ilikuwa imevimba na kugeuka rangi, na juu yake, wazi kabisa, ilikuwa imechorwa ile mistari ya tairi, sawasawa na unyayo unaobaki kwenye tope mtu mwepesi akipita. Alikaa akiutazama. Machozi yakamtoka bila ruhusa yake, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumcheka, akayaacha.

Kivuli kikamwangukia. Salaash alikuwa amesimama juu yake, na macho yake yalikuwa kwenye lile bega. Shamsia akafunga shati haraka. Akaichukua bunduki, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kufungua skrubu za kitako ili amrudishie mzee kitu chake. Ya kwanza ikatoka. Akaishika ya pili.

"Shikamoo mzee," akasema, kwa mazoea, bila kutegemea kitu.

"Marahaba," akasema Salaash. Kisha akauweka mkono wake juu ya bisibisi. "Kiache."

"Ni chako, mzee."

"Si changu. Kiache hapohapo. Mwenyewe hajamalizana na wewe."

Akageuka, akaenda kukaa mahali pake pa kila siku, mkuki kwenye magoti, akiwalinda wanawake dhidi ya mnyama ambaye hayupo tena. Shamsia akairudisha skrubu, akaikaza mpaka mwisho.